Amepumzika kwa Mujibu wa Sheria

Nchi hii ina jina, msidhani nalificha. Jina limo kwenye faili, faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Akirudi na kutia saini nitawatajia bila woga. Kwa sasa ijulikane tu kuwa ni nchi ya amani, yenye barabara moja ndefu ya lami, wizara thelathini na nne, na madereva wa malori ambao zamani walikuwa na tabia mbaya ya kusinzia kwenye usukani.

Serikali iliumia sana kwa jambo hilo. Kila lori lilipoingia mtoni, Waziri wa Barabara, Usingizi na Mambo Yanayofanana alikuwa anakosa hamu ya kula hadi jioni. Mwisho akaunda ujumbe wa watu kumi na wanane, ukaenda ng'ambo miezi mitatu kujifunza jinsi madereva wa wenzetu wanavyolala. Wakarudi wamenenepa, na mkononi wana wazo la sheria.

Rasimu ya kwanza iliandikwa na karani mmoja ambaye baba yake alikuwa dereva. Aliandika hivi: dereva asiendeshe zaidi ya masaa nane kwa siku, kisha apumzike masaa kumi na moja. Mtu yeyote wa nchi ile angeelewa. Lakini sheria haiendi bungeni mpaka ipite Kamati ya Usanifu wa Lugha, na wazee wa kamati walipoona neno "masaa" walishikwa na kizunguzungu. Mwenyekiti aliomba maji. Neno "saa", walieleza kwa kurasa tisa, halina wingi wa ma-, na anayesema "masaa" ni adui wa taifa hata kama hajijui. Karani akahamishiwa ofisi ya mifugo, kalamu nyekundu ikapita, na sheria ikasomeka vizuri: dereva asiendeshe zaidi ya saa nane kwa siku, kisha apumzike saa kumi na moja. Wabunge wakapiga meza mpaka glasi zikaanguka.

Shekue Mhina hakusikia meza hizo zikipigwa. Alikuwa barabarani, kama alivyokuwa barabarani miaka ishirini na miwili, mwanamume wa maneno machache mwenye kiuno kibovu na leseni safi. Wiki hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Ijumaa saa tisa alasiri, nyumbani kwake Kilongwe, binti yake Zaina alikuwa anaolewa, na Zaina alishasema wazi kwamba haozwi na mtu mwingine ila baba yake. Baba asipofika, walii angekuwa ami yake, kaka mkubwa wa Shekue. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajasalimiana miaka sita kwa sababu ya mpaka wa shamba, na Shekue alijua kabisa kwamba kaka yake akishamwoza Zaina, jambo hilo litasimuliwa kila Idi hadi kiama.

Alhamisi mchana akapakia magodoro mia sita ya serikali, ya kupeleka kwenye vituo vipya vya mapumziko ya madereva. Kilongwe ilikuwa njiani, mwendo wa saa nane kasorobo kwa lori. Angefika siku hiyo hiyo, kesho yake mchana awe amevaa kanzu, na mzigo aushushe Jumamosi. Akawasha gari saa saba, akatia gia, akaenda zake.

*

Kwenye Kituo Namba Nne kamba ilikuwa imekatiza barabara. Afisa Mapumziko wa Daraja la Pili, Bwana Ngaiza, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akamwashiria asimame. Kando ya njia yalikuwa yamepangwa malori mengine kama kumi na tano.

"Mzee, habari za safari," alisema Ngaiza.

"Nzuri, afande."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Shekue akatazama. "Saa nane na dakika nne."

"Vizuri, umekiri mwenyewe." Ngaiza akaandika. "Umeendesha zaidi ya saa nane. Umezidisha dakika nne."

"Afande, nimewasha gari saa saba. Nimeendesha saa moja tu."

"Saa moja ulikuwa wapi?"

"Saa moja? Saa moja nilikuwa nakunywa chai."

"Basi usiniambie uliendesha saa moja. Hilo ni kosa la pili, kutoa maelezo yanayopingana." Akaandika na hilo.

Shekue akaeleza tena, polepole, akihesabu kwa vidole. Ngaiza akasikiliza kwa heshima, kisha akamfungulia kijitabu cha sheria. Mlikuwa mmeandikwa "saa nane", kwa herufi nzito, na pembeni pana muhuri wa Kamati ya Usanifu wa Lugha. Mwenye haki ya kubishana na muhuri ule hakuwapo pale.

"Haya," alisema Shekue. "Na adhabu yake?"

"Hakuna adhabu. Serikali inakupenda. Unapumzika tu saa kumi na moja, halafu unaendelea."

Hapo Shekue akapiga hesabu ya haraka. Kutoka saa nane, ukijumlisha saa kumi na moja, ataondoka saa saba usiku, na Ijumaa saa tatu asubuhi yuko Kilongwe anaoga. Moyo ukatulia. Akatoa mkeka wake kwenye kabini, akautandika chini ya tela, akavua viatu.

"Unafanya nini?" Ngaiza akainama kumchungulia.

"Napumzika."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na robo."

"Na sheria imesema upumzike saa ngapi?"

Shekue alianza kuona jambo hilo linakoelekea. "Saa kumi na moja," alisema.

"Umeona? Bado."

"Basi niendeshe mpaka hiyo saa kumi na moja, afande. Nitapumzika mbele huko."

"Kuendesha hairuhusiwi. Saa nane imepita."

"Kuendesha hapana, kupumzika hapana. Sasa hapa katikati nifanye nini?"

Ngaiza hakuwa mtu mbaya. Alikaa akafikiri kwa muda mrefu, akafungua kijitabu mbele na nyuma, akakifunga. "Hapa katikati sheria haikukuona," alisema. "Jaribu kusimama tu."

Kwa hiyo madereva kumi na sita walisimama kando ya malori yao, juani, tangu saa nane hadi saa kumi na moja, bila kuendesha na bila kupumzika. Mmoja alijaribu kuegemea tairi. Akaambiwa kuegemea ni mapumziko ya awali, ajinyooshe. Mwingine aliuliza kama anaweza kutembeatembea, maafisa wakampigia simu mwanasheria wa Wizara, na mwanasheria akajibu kwamba kutembea kunaweza kutafsiriwa kuwa ni safari. Kiuno cha Shekue kilimuuma kuliko siku yoyote aliyowahi kuendesha.

*

Saa kumi na moja kamili kengele ikalia na mapumziko yakaanza rasmi. Kituo hakikuwa na vitanda. Magodoro ya kituo yalikuwamo ndani ya lori la Shekue, ila kwa mujibu wa ratiba yalitakiwa yafike kwanza Kituo Namba Saba, yazinduliwe, ndipo yarudishwe Namba Nne. Dereva kulalia mzigo ni kosa. Wakapewa karatasi za kutandika sakafuni, kila karatasi ina namba.

Simu zilikusanywa, maana simu huamsha watu. Kila mmoja akapewa Fomu ya Usingizi ya kurasa nne. Swali la kwanza lilikuwa: Je, umelala? Jibu Ndiyo au Hapana, kisha utie saini. Shekue, akiwa macho, alijibu Hapana, akarudishiwa fomu kwa kutoa taarifa zinazokwamisha mpango. Akajibu Ndiyo. Ngaiza akasema hajawahi kuona mtu aliyelala akiandika, akampa fomu mpya. Basi wakakubaliana Shekue afumbe macho, Ngaiza amshike mkono, waandike wote wawili. Baada ya hapo kila nusu saa afisa wa zamu alipita na kumtikisa bega kila dereva ahakikishe kuwa amelala.

"Na mwisho wake ni saa ngapi?" Shekue aliuliza alipotikiswa mara ya tatu.

"Mwisho wa nini?"

"Wa mapumziko."

Afisa akamwonea huruma. "Sheria imesema uanze saa kumi na moja. Kumaliza haikusema. Utamaliza ukipata Hati ya Kuamka, nayo inatoka makao makuu."

Sasa hapa panatakiwa utulivu, wasomaji wangu, kwa sababu hapa ndipo Wizara ilipofanya wema. Sheria mpya iliagiza kwamba familia ya dereva isiachwe na wasiwasi. Dereva akianza mapumziko, mtambo upeleke ujumbe kwa mke wake hapo hapo. Yule karani, kabla hajahamishiwa mifugo, alikuwa ameandika: "Mumeo kasimama njiani kidogo, yu mzima, atakuja." Kamati ilichukizwa na lugha hiyo ya vijiweni, ikaandika upya. Hivyo saa kumi na moja na dakika moja, huko Kilongwe, Mwanaidi mke wa Shekue alikuwa amekaa uani na wenzake wanachagua mchele wa harusi, simu ikalia, akasoma:

"Ndugu mwanafamilia. Wizara inakujulisha kwamba mpendwa wako SHEKUE MHINA amepumzika leo saa kumi na moja kamili jioni katika Kituo Namba Nne. Amepumzika kwa utulivu mbele ya afisa wa serikali. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako."

Mwanaidi akaisoma mara ya pili. Akaweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike, kisha akalia kilio ambacho kilisikika hadi msikitini. Wanawake waliokuja kupiga vigelegele walibaki midomo wazi, halafu nao wakalia. Hakuna aliyerudi kwao. Turubai lilikuwa limeshafungwa, masufuria yameshakuja, na watu wa kuja harusini ni wale wale wa kuja msibani.

*

Ijumaa saa moja asubuhi gari dogo la kubebea mizigo liliingia Kituo Namba Nne, nyuma limebeba jeneza la msikiti wa Kilongwe. Akashuka Kigoda, kaka yake Mwanaidi, macho yamevimba, mkononi ana sanda mpya. Akamuuliza afisa wa zamu marehemu Shekue Mhina yuko wapi. Afisa akamwonyesha kwa kidevu. Shekue alikuwa ameketi kwenye tofali anakula muhogo wa kuchoma.

Kigoda alikaa chini pale pale alipokuwa. Alilia, akacheka, halafu hasira zikampanda.

"Shemeji, tumekulilia tangu jana," alisema. "Mama yangu mzee amejigaragaza chini. Wewe uko hapa unakula muhogo."

"Mnanililia nini?"

Kigoda akampa simu asome. Shekue akasoma, akarudisha simu. Aliona aibu, sijui kwa nini, utadhani ameandika yeye.

"Mpigie dada yako," alisema hatimaye.

Kigoda akapiga. "Dada, acha kulia. Mumeo yupo. Yuko hapa mbele yangu, anakula muhogo."

"Mimi nimeambiwa na Wizara," sauti ya Mwanaidi ikasema. "Wewe umeambiwa na nani?"

"Namwona kwa macho yangu."

"Kigoda, umeanza kulewa mpaka msibani?" Akakata simu, na alipopigiwa tena alikuwa ameizima.

Wakaenda kwa Bwana Ngaiza. Shekue akaweka mikono yake miwili mezani. Alisema hataki lori, hataki mzigo, anataka kuondoka tu. Leo saa tisa anamwoza binti yake. Akishindwa, kaka yake atashika mkono wa bwana harusi badala yake, na Zaina ataolewa akiwa analia matanga.

"Hati ya Kuamka haijaja," alisema Ngaiza.

"Mpigie anayesaini."

"Nilipiga. Nimejibiwa kwamba amepumzika."

"Amekufa?" aliuliza Kigoda.

"Sijui. Hawakufafanua."

Ngaiza akafungua kijitabu. Yeye mwenyewe alikuwa na mabinti watatu, na mkubwa alikuwa ameposwa. Alisoma kwa kidole hadi kanuni ya kumi na tisa, akasoma kwa sauti: dereva aliyepumzika haruhusiwi kutoka kituoni, kwa miguu yake wala kwa chombo chochote, isipokuwa jamaa zake wawe wamekuja kumchukua kwa ajili ya maziko. Akaangalia jeneza dirishani. Akamwangalia Shekue. Akakohoa.

"Mimi siandiki uongo," alisema. "Miaka kumi na minne sijawahi. Lakini kwenye mfumo pameandikwa umepumzika, na shemeji yako huyu hapa na jeneza. Mimi ni nani nibishane na mfumo?"

Akachukua kalamu ya pili, akajaza Kibali cha Kusafirisha Mwili kwa nakala tatu. Kwenye kipengele cha hali ya mwili akaandika "nzuri". Akamsihi Shekue jambo moja tu, kwamba njiani ajitahidi asiwe na matendo.

*

Jeneza la msikiti wa Kilongwe limetengenezwa kwa watu wa wastani na Shekue ni mrefu. Alilala magoti yamekunjwa, sanda chini ya kichwa, na nitasema kweli, katika siku mbili hizo hapo ndipo alipopata nafuu ya kwanza. Hakuna aliyemtikisa bega.

Kwenye mizani wakasimamishwa. Gari dogo halipimwi, lakini afisa wa pale alitaka kuona kibali, na alipokiona akavua kofia. Alikuwa mtu mwenye malezi. Akaweka mkono juu ya kifuniko cha jeneza na kusema kwa upole, "Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa," Shekue akajibu humo ndani. Mtu aliyelelewa vizuri akiambiwa pole hawezi kukaa kimya.

Kigoda alifumba macho akingoja pingu. Afisa akasimama kidogo, kisha akachukua daftari, kwenye safu ya maelezo akaandika: "Maiti ameshapoa." Akaligonga muhuri na kuwafungulia njia.

Walipofika Kilongwe saa tisa ilikuwa imekaribia, na barabara ya kijiji ilikuwa imejaa magari meusi. Kigoda akapunguza mwendo. "Shemeji," alisema kwa kona ya mdomo, "usitoke. Serikali ipo."

Ilikuwa hivi. Kibali cha Ngaiza kilipoingia kwenye mfumo, taa ya kijani iliwaka makao makuu. Tangu sheria ianze, hakuna dereva hata mmoja aliyekuwa amekamilisha mapumziko. Wote walikuwa bado wanasubiri hati. Shekue Mhina ndiye wa kwanza ambaye mfumo ulimwandika "amepumzika kikamilifu". Waziri aliposikia alishika kifua kwa furaha, akaita televisheni, akapanda gari.

Jeneza likashushwa na kuwekwa chini ya turubai, kwenye mikeka ya harusi. Shekue akasikia kilio cha Mwanaidi kikiwa karibu kabisa na sikio lake, na ilimlazimu ang'ate kidole asimwite kwa jina. Akasikia pia kaka yake akisafisha koo. Shehe alikuwa ametoa shauri kwamba kwa kuwa bwana harusi na mashahidi wamefika, ifungwe kwanza ndoa, wazike baadaye. Ami mtu alikuwa ameketi tayari mkekani, kofia mpya kichwani, mkono umenyooshwa.

Lakini hotuba ya Waziri ilitangulia.

"Ndugu zangu," alisema Waziri, "wapo wanaopumzika dakika kumi. Wapo wanaopumzika nusu siku, huku jicho moja liko kwenye saa. Ndugu Shekue hakuangalia saa. Alipoambiwa apumzike, alipumzika. Hakuuliza mpaka lini. Natamani madereva wote wa nchi hii wafuate mfano wake, na Wizara yangu haitalala mpaka wote wamepumzika."

Watu wa serikali wakapiga makofi. Watu wa Kilongwe wakatazamana.

"Sasa tusimame," Waziri akaendelea, "tumkumbuke kwa dakika moja ya ukimya."

Itifaki ya nchi ile, kama hamuijui, ni kali. Katika dakika ya ukimya mtumishi wa umma hufumba macho, huinamisha kichwa, na haruhusiwi kufumbua, kusogea wala kutamka mpaka Waziri aseme "tuketi". Waziri naye hasemi mpaka aambiwe na afisa mwenye saa kwamba dakika imekwisha. Na afisa mwenye saa, kwa kuwa ni mtumishi wa umma, alikuwa amefumba macho.

Kimya kikatanda. Kifuniko cha jeneza kikainuka, Shekue Mhina akatoka, goti moja halafu la pili, akisaidiwa na Kigoda. Mwanaidi akajaza mdomoni ukaya aliojifunika kichwani. Akamgusa mumewe shavu, akamgusa na lingine, halafu akampiga kofi jepesi la bega, la mtu aliyechelewa kurudi. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Kaka mtu alipoona marehemu anakuja mkekani, alijiondoa mwenyewe, kwa kasi ambayo hakuwahi kuitumia kwenye kesi ya shamba.

Shehe hakuwa mtumishi wa umma. Alimtazama Shekue juu hadi chini, akakaa sawa.

"Walii ni nani?" alinong'ona.

"Ni mimi baba yake."

"Mshike mkono."

Bwana harusi, kijana fundi seremala aitwaye Mbelwa, alitoa mkono. Alipoushika wa mkwewe akageukia shehe. "Una joto," alinong'ona.

"Sema nyuma yangu," alisema shehe.

"Nimekuoza binti yangu Zaina kwa mahari mliyokubaliana," alisema Shekue. Alitaka kusema kwa nguvu kama alivyojizoeza kwenye kabini miezi miwili, ila alisema kwa kunong'ona, na bado ilimtoka vizuri. Nyuma ya pazia la mlango mtu alipiga kwikwi. Alikuwa Zaina.

"Nimemkubali," alisema Mbelwa.

Mashahidi wakasikia. Shehe akaomba dua, hakuifupisha, na wakaitikia amina chini chini. Mwanamke mmoja alishindwa kujizuia akapiga kigelegele. Vichwa vya serikali vilitikisika, vikabaki vimeinama.

*

Sijui ni dakika ngapi zilipita kabla Waziri hajafumbua jicho moja. Aliona jeneza wazi, na marehemu amekaa mkekani anapewa kahawa. Alilifumba tena jicho lile, akafikiri, ndipo akasema "tuketi". Akaagiza kamera zizimwe, akamwita Shekue pembeni ya turubai, Zaina na mama yake wakafuata nyuma.

"Bwana Shekue," alisema Waziri kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira. "Nakuuliza mara moja tu, na ufikiri kabla hujajibu. Umepumzika, au hujapumzika?"

"Kuna tofauti gani, mheshimiwa?"

"Kama hujapumzika, umeamka bila hati. Unarudi Namba Nne leo. Aliyekupa kibali anafukuzwa. Na ndoa iliyofungwa na mtuhumiwa itasimamishwa, tuunde kamati iichunguze. Kamati zangu hukaa miaka minne, mitano." Akajifuta jasho. "Kama umepumzika, basi. Wizara haimchunguzi marehemu. Leseni tu ndiyo inazikwa, na daftari la safari."

Shekue akafikiria leseni yake. Miaka ishirini na miwili, bila hata doa. Hakujua kazi nyingine, na hakujua mtu anakaaje nyumbani siku ya Jumatatu. Akamwangalia mwanawe.

"Sema umepumzika, baba," alisema Zaina, hina bado ni mbichi mikononi. "Ukiwa hai watakutafuta."

"Nimepumzika, mheshimiwa," alisema Shekue.

Waziri akashusha pumzi. Akamshika mkono kwa nguvu, akamshukuru kwa niaba ya taifa.

Kamera zikawashwa, wakaenda makaburini. Leseni na daftari la safari vilifungwa kwenye ile sanda mpya, vikashushwa kaburini kwa taratibu zote, Waziri akatupa udongo mara tatu. Watu wa serikali hawakujua kufukia, basi Shekue alichukua jembe akafukia mwenyewe. Alifukia kwa makini na kusawazisha pembe, na alipomaliza alibaki ameegemea mpini muda mrefu mpaka Kigoda alipomgusa mkono.

Magari meusi yalipokuwa yanageuza, katibu wa Waziri alimfuata Mwanaidi mlangoni na waraka. Ulisema kwamba mjane wa shujaa wa mapumziko atakaa eda miezi minne na siku kumi, na kwamba katika muda huo Wizara haitafurahi kusikia ameonekana na mwanamume yeyote. Mwanaidi akauliza atie saini wapi. Akatia, akaukunja waraka mara mbili, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Shekue alikuwa amesimama uani, miguu ina udongo, hajui kama anaruhusiwa kupita.

"Ingia ule, marehemu," alisema Mwanaidi, "kabla wageni hawajamaliza."